Viatu vya Shangazi na Jiwe Linaloelea

Kengele ya kanisa ililia mara ya pili. Vaisinia alikuwa bado ameketi kitandani, anapigana na viatu. Vilikuwa viatu vyeupe, vinang'aa, na mbele vimechongoka. Nje, mumewe Sitaleki alikuwa amekwisha kufukia chakula cha mchana kwenye tanuri la ardhini: majani ya magimbi kwa tui na nyama ya kopo.

"Mke wangu, wimbo wa kwanza utatupita!" Sitaleki aliita.

"Nakuja! Kidole kimoja kinakataa kuingia."

"Kiache nyumbani kilinde chakula."

Vaisinia hakucheka. Aliuma meno, akasukuma, kidole kikaingia.

Viatu hivyo vilitoka ng'ambo, mjini Oklandi, kwa shangazi yake Fusipala. Kwetu Tonga, baba ni mkubwa nyumbani mwake, lakini dada yake ni mkubwa kuliko yeye. Shangazi akisema kaa, unakaa. Akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili. Akikupa viatu vidogo, basi miguu yako ndiyo mikubwa. Kwa hiyo Vaisinia alivivaa kila Jumapili, na kwenye kila harusi na kila msiba.

Njiani watu walivisifu viatu. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Ndani ya kiatu, juu ya kidole cha mwisho, palikuwa na sugu ndogo ya mviringo, ngumu kama punje ya mahindi. Chini ya unyayo, nyuma ya vidole, palikuwa na sugu nyingine, pana na ya manjano. Kila hatua ilikuwa mwiba.

Maumivu hayo yangekuwa ya kuvumilia, kama si ngoma. Kanisa la kijiji lilikuwa linakaribia kutimiza miaka mia, na kijiji kizima kilikuwa kinajifunza kucheza lakalaka. Ni ngoma ya kusimama mistari, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, wote wanaimba, wote miguu mitupu. Vaisinia alipewa nafasi ya katikati, mstari wa mbele. Hapo ndipo marehemu mama yake aliposimama zamani. Vaisinia aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Siku moja, kwenye mazoezi, mzee Moala aliyetunga wimbo aliinua mkono. Wimbo ukakatika.

"Nani anachechemea?"

"Si mimi, mzee," alisema Vaisinia. "Ni nyasi hizi."

"Nyasi zimekukanyaga wewe?"

Watu waliangua kicheko. Mzee Moala hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu. Mstari wa mbele ni uso wa kijiji. Nakupa muda mpaka shangazi yako atakapofika kutoka Oklandi kwa sherehe. Kama bado unachechemea, nitakuweka nyuma. Hapo katikati atasimama mwingine."

Vaisinia alirudi nyumbani akilia. Sasa moyo ulimuuma kuliko kidole.

"Lete wembe," alimwambia Sitaleki.

"Wembe wa nini?"

"Naling'oa hili balaa leo leo."

Sitaleki alileta wembe. Vaisinia alikata kidogo, akaona nafuu, akakata tena. Damu ikatoka. Kisha akakumbuka habari za utomvu wa papai. Watu husema utomvu huo hula sugu. Akadondosha matone juu ya kidonda. Loo! Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na kelele zake zikafukuza kuku wa jirani.

Asubuhi kidole kilikuwa kimevimba, chekundu.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," alisema Sitaleki, kama vile si yeye aliyeleta wembe.

Vaisinia alichukua ufagio, akatoka kupoza hasira. Uani kulikuwa na kazi. Mwaka ule mlima wa moto ulio chini ya bahari ulikuwa umetema mawe, na bahari ikayaleta pwani. Yalikuwa mawe ya kijivu, mepesi, yenye vitundu vingi, yanaelea juu ya maji. Yaliziba njia ya mashua, yakaingia hata kwenye bustani. Kijiji kizima kilikuwa kinayalaani.

Ilaise, muuguzi wa zahanati, alikuwa anapita kwenda kazini. Ni jirani yao, mwanamke mwenye sauti kubwa na mdomo mwepesi.

"Jirani! Mbona unafagia kwa mguu mmoja?"

"Niache, Ilaise. Nina sugu, nina kidonda, na nina mawe haya yasiyokwisha."

Ilaise aliinama, akautazama mguu. Kisha akaokota jiwe moja, akalipima mkononi.

"Basi unafagia dawa yako mwenyewe. Twende zahanati. Na huyo mumeo aje pia, nimemwona anavyojificha nyuma ya mlango."

Huko zahanati, Ilaise alisafisha kidonda, akakifunga. Kisha alimtoboa Vaisinia ncha ya kidole cha mkono, akapima sukari katika damu yake.

"Mguu unauma, wewe unapima sukari?" Vaisinia alishangaa.

"Ndiyo. Mwenye ugonjwa wa sukari, mguu wake unaweza kufa ganzi. Anaumia na hajui. Kidonda kidogo kinaoza, mwisho anakatwa mguu. Wewe huna sukari, shukuru Mungu. Lakini Sitaleki anayo. Sitaleki, vua ndara."

"Mimi siumwi popote."

"Ndiyo maana nataka kuona."

Chini ya unyayo wa Sitaleki palikuwa na sugu kubwa, na pembeni imepasuka. Vaisinia alishtuka, akamshika mumewe mkono.

"Hukusikia?"

"Sikusikia kitu," alisema Sitaleki kwa sauti ndogo.

"Tumeiwahi," alisema Ilaise, akaanza kuisafisha. "Wewe usiguse sugu kwa wembe, wala kwa jiwe, wala kwa plasta ya dawa ya kuchoma. Sugu zako ni kazi yangu. Kazi yako ni kutazama miguu kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Ukiona jeraha, njoo siku hiyo hiyo. Na usitembee miguu mitupu. Kwenye ngoma nitasema na mzee Moala, utacheza na makubazi."

Kisha akamgeukia Vaisinia.

"Sasa wewe. Unajua sugu ni nini?"

"Ni uchafu ulioganda."

"Hapana. Ni ngozi inayojilinda. Ukilima, viganja vinaota sugu, au sivyo? Mahali panapobanwa na kusuguliwa kila siku, ngozi inaongezeka unene. Hii pana ya chini ni ya namna hiyo. Hii ndogo ya kidoleni ina kiini kigumu kinachochoma ndani, ndiyo maana inauma zaidi. Ukiikata na usiondoe kinachobana, itarudi."

"Na kinachobana ni nini?"

Ilaise aliinuka. Alichukua boksi tupu la dawa, akalipasua, akaliweka sakafuni.

"Simama hapa, mguu wote utulie."

Akachora kwa kalamu kuuzunguka mguu wa Vaisinia. Kisha akamtuma Sitaleki alete kile kiatu cheupe, akakiweka juu ya mchoro. Vidole viwili vizima vilikuwa nje ya kiatu.

"Huu ndio mguu wako. Hiki ndicho kiatu chako. Vidole hivi unaviweka wapi?"

Vaisinia alitazama mchoro, akakigusa kiatu. Kisha akasema, "Lakini ni vya shangazi."

"Shangazi alikupa viatu. Sugu hakukupa."

"Ni rahisi wewe kusema! Nikimkataa shangazi, ukoo wote utanisema."

"Mwonyeshe huu mchoro. Haya, sikiliza dawa. Kwanza kidonda kipone kabisa. Kisha kila jioni loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, dakika kumi hivi. Maji yapime kwa kiwiko, yasiunguze. Ngozi ikilainika, isugue taratibu kwa jiwe hili linaloelea, ulilokwisha kuliosha vizuri. Kidogo tu kila siku. Ukiona wekundu au maumivu, acha. Jiwe lako ni lako, usiazimane na mtu. Futa maji, hasa katikati ya vidole. Paka mafuta ya nazi, lakini si katikati ya vidole. Na kidole chenye sugu kizungushie kipande cha sponji chenye tundu, sugu ikae ndani ya tundu, isiguswe."

"Hayo tu?"

"Hayo, na viatu vipana. Ila ukiona usaha, au mguu unavimba, usikae na jiwe nyumbani. Kimbia hapa."

Vaisinia alifuata kila neno. Jumapili alikwenda kanisani na makubazi mapana, uso ameuinamisha. Wengine walinong'ona. Yeye akaimba kwa nguvu zaidi. Kidonda kilifunga. Jioni aliloweka, akasugua, akapaka mafuta. Sitaleki alikaa karibu naye, kioo kidogo mkononi, anatazama nyayo zake kama msichana anayetazama uso.

Polepole ile sugu ya chini ikawa laini. Ile ya kidoleni ikapungua mpaka ikabaki alama tu. Siku moja mazoezini mzee Moala alisimamisha wimbo, na Vaisinia akashikwa na hofu. Mzee akamtazama miguu.

"Zile nyasi zimekusamehe?"

"Zimenisamehe, mzee."

Lakini shangazi alikuwa bado hajafika.

Alifika wiki ya sherehe, mwanamke mrefu mwenye fimbo na kofia kubwa. Aliketi kwenye kiti cha heshima. Vaisinia aliketi chini mbele yake, kama inavyopasa. Macho ya shangazi yalishuka moja kwa moja mpaka kwenye makubazi.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Vaisinia alitoa kile kipande cha boksi, akaweka kiatu cheupe juu yake.

"Nisamehe, shangazi. Zawadi yako naipenda. Miguu yangu haikutosha ndani yake. Iliota sugu, nikakata kwa wembe, nikakaribia kukosa nafasi ya mama kwenye ngoma."

Shangazi Fusipala alitazama mchoro kwa muda mrefu. Kisha aliinama, akavua viatu vyake mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, na juu ya kila kimoja palikuwa na sugu.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "nilidhani ndivyo uzee ulivyo. Leta boksi lingine. Chora na wangu. Kisha mwiteni huyo Ilaise, anipime na sukari."

Vaisinia alicheka na kulia kwa pamoja. Ilaise alipompima shangazi, hakumkuta na sukari.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Vaisinia alisimama katikati, mstari wa mbele, mikono inang'aa kwa mafuta, manyoya meupe kichwani. Wimbo ulipoanza, miguu yake ilikanyaga nyasi kwa furaha. Alipiga hatua, akarudi, akageuka, na mstari mzima ukageuka naye. Upande wa wanaume, Sitaleki alicheza na makubazi yake bila haya.

"Malie! Malie!" watu walipiga kelele za kusifu.

Mara shangazi Fusipala aliinuka. Aliacha fimbo, akaacha makubazi yake mapya, akaingia uwanjani miguu mitupu, akacheza mbele ya mpwa wake akitikisa kichwa na kucheka. Wazee walisimama kwa heshima. Vaisinia aliona uwanja wote kupitia machozi, na hakukosea hatua hata moja.

Kwenye karamu shangazi alisimama tena. Watu wakaweka chakula chini.

"Mimi ndiye shangazi," alisema. "Nasema neno moja. Kuanzia leo, hakuna mtu wa ukoo huu atakayevaa kiatu ambacho hakikuwekwa juu ya mchoro wa mguu wake. Hata kama nimekileta mimi."

Shangazi akisema, imesemwa. Pale pale maboksi ya nyama ya kopo yalianza kupasuliwa. Wa kwanza kuvua kiatu, akiguna kwa raha, alikuwa mzee Moala.