Folda Isiyofutika

Rafiki yangu Hashimu alimzika mkewe, Munira, kule Kondoa, akaondoka kabla ya hitima.

“Shemeji, hata udongo haujakauka!” dada wa marehemu alimlaumu.

“Kazi imekwama,” alijibu bila kumtazama.

Kusema kweli, alikimbia kilio. Ofisini Dodoma, kompyuta ya kuunda programu ilikuwa ikishindwa mara kwa mara kufuta folda ya zamani kabla ya kuanza upya. Alipofika mchana, ikaandika tena: folda inatumika.

Umeme ukakatika. Chumba kisicho na dirisha kikawa giza, mashine ikavuma kwa betri. Hashimu akatafuta kinachoishikilia folda, akakuta programu ya kunasa sauti ambayo hakuna aliyeiwasha. Akavaa visikilizio. Akasikia wanawake wakisoma Yasini msibani kule Kondoa.

Katikati yao Munira akauliza taratibu, “Mbona mume wangu simsikii?”