Moyo wa Chura Usiochoka

Stendi ya magari ya kwenda Tunis, pale Sfax, ilikuwa imefurika watu ndoo ya Olfa ilipopinduka. Vyura wakatawanyika miguuni mwa abiria. Kijana mrefu aliyekunja mikono ya shati lake jeupe akainama, akadaka mmoja.

"Wako huyu, bibie? Au ndiyo chakula cha mchana?"

"Ni wa wanafunzi wangu wa udaktari," Olfa alijibu, akiirekebisha skafu yake ya kijani. "Usimbane hivyo. Tunauhitaji moyo wake."

"Na wangu je?"

"Wako una kelele."

Kijana huyo, Skander, alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta. Kiangazi chote walikunywa chai ya lozi ufukweni, na kila jioni simu ya Olfa ililia.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Acha kunidekeza."

Jambo moja tu Skander hakulisema: programu aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa ya chuo cha Olfa, na ingewaondoa vyura maabarani, moyo wa kwenye skrini ukichukua nafasi yao. Olfa alikuja kulisikia kikaoni, mbele ya wenzake.

"Ulijua tangu stendi," alimwambia kwenye simu.

"Nilijua. Niliogopa utaniacha kabla hujanijua."

"Sasa nimekujua." Akakata.

Muhula ulipoanza, Olfa alifundisha kwa programu ile shingo upande. Lakini Yosra, mwanafunzi aliyezoea kutoka nje chura akipasuliwa, safari hii alikaa. Aliudondoshea dawa moyo wa kwenye skrini, akauharakisha, akautuliza, akarudia mpaka akaelewa.

"Mwalimu, kumbe siku zote nilikuwa nafumba macho," alisema.

Mchana ule Olfa alipiga simu.

"Skander, moyo wako una kasoro."

"Najua."

"Nasema wa chura. Nimeunyima hewa na bado unadunda. Wanafunzi wangu watadhani wagonjwa hawafi."

"Nije?"

"Njoo. Na si kwa ajili ya chura tu."

Walikaa mbele ya kompyuta moja. Olfa alimweleza jinsi moyo unavyochoka, unavyoruka pigo, unavyozidi kuchelewa. Skander akaandika na kufuta, na kujaribu tena. Hatimaye mstari wa mapigo kwenye skrini ukalala.

"Nisamehe kwa kukuficha," Skander alisema. "Leo limebaki moja tu ambalo sijakwambia."

"Liseme hapahapa."

"Mama yangu anataka kuja kwenu Ijumaa kuzungumza na wazee."

Olfa alitazama vidole vyake juu ya meza, akatabasamu.

"Mwambie asibebe maua mengi," alisema. "Baba yanampigisha chafya."