Mkono Uliochagua Kadi

Felisita alifika Maswa jua likiwa limeshainama, kadi ya picha ya kompyuta, iliyoungua, ikiwa ndani ya mkoba wake, imefungwa kwa gazeti. Bosi wake, Constantine, alikuwa amemtuma tangu saa sita, lakini gari lilipasuka gurudumu njiani.

"Tafuta iliyotumika," alikuwa amemwambia. "Isizidi elfu thelathini. Cha muhimu ikubali kwenye kile kikongwe chetu."

Kikongwe chenyewe kilikuwa kompyuta pekee ya ofisi yao pale Bariadi. Kampuni yao ilikuwa mojawapo ya zile zilizoingia kununua pamba baada ya serikali kuachia biashara hiyo kwa watu binafsi, na msimu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Skrini ilikuwa nyeusi tangu juzi. Zamani ingeharibika asubuhi na mchana ingekuwa imepona, kwa sababu fundi wake alikuwa Mahona, mume wa Felisita. Mahona aliugua Jumanne. Ijumaa walimzika kwao Ngulyati. Ilikuwa miezi saba sasa, na hakuna daktari aliyesema alikufa kwa nini.

Maduka mawili hayakuwa na kadi. Kwenye la tatu walimwelekeza nyuma ya soko, kwenye stoo za zamani, kwa mtu aitwaye Salu anayeuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika.

Stoo haikuwa na kibao. Ndani iliwaka balbu moja hafifu. Salu alikuwa mnene, amefunga vifungo vya shati hadi kooni.

"Mwadila, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila." Felisita alifungua gazeti, akamweleza shida yake.

"Kompyuta ya mwaka gani?"

"Tisini na nane."

"Matundu yake ya kuchomekea kadi?"

"La kahawia lipo moja. Meupe mawili."

Salu alijikuna shingo. "Mimi nauza tu. Anayezijua yuko ndani."

Pembeni ya meza lilining'inia pazia la gunia. Salu aliichukua ile kadi iliyoungua pamoja na droo iliyojaa kadi, akavisukuma chini ya pazia kwa mguu.

"Chagua," alisema. Hakutaja jina la mtu.

Salu alirudi kukaa kwenye kiti chake.

Kisha... kwaru. Kwaru.

Harufu ya pumba zilizolowa ilimjia Felisita puani. Na chini ya hiyo, nyingine. Udongo. Udongo mbichi, kama umechimbwa leo.

Mkono ulitoka pembeni ya pazia, ukaweka kadi ya kwanza mezani. Kadi ilikuwa nzuri, karibu mpya. Mkono uliinua ile iliyoungua, ukazilinganisha meno. Pengo la moja halikuwa mahali pa pengo la nyingine. Isingeingia. Kadi ikasukumwa kando.

Ya pili ilikuwa na feni kubwa. Mkono uliizungusha ile feni kwa kidole, mara moja, ukaiacha. Felisita alielewa. Feni kama hiyo inakula umeme, na kikongwe chao kisingeweza kuilisha.

Alielewa kwa sababu aliwahi kufundishwa. Jioni nyingi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimshikia Mahona tochi.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya tundu jeupe, haina feni. Mkono ulirudi ndani, ukatoka na kifutio cha penseli, ukaanza kusugua meno yake ya shaba. Taratibu. Kwenda na kurudi. Halafu ukachukua bisibisi, ukafungua lile bati refu la kushikia kadi, ukalitoa kabisa.

Felisita alisogea karibu na meza.

Kompyuta ya ofisini ilikuwa ile ya kulala, fupi kwa kimo. Bati refu lisingeingia. Lakini hilo hakuwa amelisema. Alikuwa amesahau kulisema.

Mkono uligonga meza mara mbili.

Tap. Tap.

Mahona alikuwa akigonga hivyo kila alipomaliza kazi.

Sasa ndipo Felisita aliuangalia vizuri. Ulikuwa mkono wa kushoto, mkavu, ngozi imeshikana na mifupa. Kidole cha shahada kilipinda kuelekea ndani, pale mnyororo wa baiskeli ulipokivunja Mahona akiwa na miaka tisa.

"Mahona?" alinong'ona.

Mkono ulitulia.

"Hasikii," alisema Salu. "Ni bubu. Mtoto wa dada yangu."

Felisita aliugusa. Ulikuwa baridi kama mtungi. Vidole vilijikunja polepole juu ya vyake, vikashika... kisha vikaachia. Vikamsukumia kadi, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayemfukuza ampendaye asilowe mvua.

Felisita alikamata pazia.

Salu hakuinuka. Hakupandisha sauti.

"Mayu. Ukifungua hapo, mtakuwa wawili."

Nyuma ya gunia kitu kilitoa sauti. Halikuwa neno. Ilikuwa pumzi ya mtu anayetafuta ulimi asiupate.

Felisita alikuwa na watoto wawili, mdogo bado hajaanza shule. Nyuso zao zilimjia.

Aliachia pazia.

Hakukumbuka alivyolipa. Alikumbuka tu kwamba alikimbia, na kwamba hakugeuka.

Kesho yake asubuhi alirudi na shemeji yake, Shigela, mdogo wake Mahona. Stoo ilikuwa wazi, tupu. Mwenye nyumba alisema mpangaji alihama usiku kwa pikapu. Ndiyo, alikuwa na mpwa wake bubu, watu walisema hivyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona. Nyuma ya lile pazia walikuta kigoda na beseni lenye pumba.

"Ni msukule," Shigela alisema. "Wamemchukua kaka kwa uchawi, awafanyie kazi."

Kadi ilikubali mara ya kwanza. Constantine alifurahi sana. Felisita aliomba ruhusa, akaenda Ngulyati.

Shigela alitaka kaburi lifukuliwe, waone kama kaka yake yumo. Mama yao, Nyanjige, alisimama mbele ya jembe.

"Nilimwosha mimi," alisema. "Nilimfumba macho kwa mkono wangu. Mwanangu amelala hapo. Asiguswe."

Shigela aliondoka na jembe lake bila kuaga. Wanawake wawili walibaki uani wakibangua karanga. Karanga ziliingia kwenye ungo, maganda yakaanguka chini.

"Felisita."

"Mayu."

"Huo mkono..." Nyanjige aliacha kubangua. "Ulikuwa umekonda?"

Felisita aliona tena mifupa ile chini ya ngozi.

"Hapana, mayu. Haukukonda."

Nyanjige aliitikia kwa kichwa, akaendelea kubangua. Baada ya kitambo Felisita aliona kwamba maganda yalikuwa yanaingia kwenye ungo, na karanga zilikuwa zinaanguka chini, mavumbini, moja baada ya nyingine.