Gundi kwenye Kola ya Hariri

Kila siku baada ya masomo, Kiroboto alipitia kwenye karakana ya ushonaji ya shangazi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja. Alinawa mikono kwa sabuni, kisha akaokota pini zilizoanguka sakafuni.

Karakana hiyo aliianzisha marehemu bibi yake, mbunifu wa mavazi aliyejulikana kama Mama Mbwembwe. Magauni yake yalikuwa na mikono mipana kama miavuli na mikia ya kubebwa na watu wawili. Waliomcheka mwanzoni ndio waliokuja kupanga foleni mlangoni. Hata baada ya kifo chake mafundi wengi walifuata mitindo yake, na sasa mwimbaji mmoja maarufu alikuwa ameagiza gauni la kuvaa kwenye onyesho la kumkumbuka.

Shangazi alimkabidhi Kiroboto kola ya gauni hilo aishonee shanga. Hakuwa amewahi kuaminiwa kazi ya mteja, na alifurahi mno. Lakini shanga zilikuwa ndogo kama ufuta, na nje wenzake walikuwa wakimwita kuruka kamba. Shangazi alipotoka kidogo, Kiroboto alichukua chupa ya gundi, akazibandika zote, akakimbilia mchezoni.

Kesho yake mwimbaji alikuja kujaribu gauni. Akaisifu kola. Akasimulia jinsi alivyocheza jukwaani miaka mingi akiwa amevaa gauni la Mama Mbwembwe, bila kudondosha hata ushanga mmoja.

"Watu waliona mikono mipana na mikia," alisema. "Mimi niliona uzi. Nilijua gauni halitaniaibisha."

Masikio ya Kiroboto yaliwaka moto. Angeweza kunyamaza. Lakini aliwaza shanga zikimwagika mbele ya umati, na watu wakisema karakana ya bibi imekwisha.

"Shangazi, sikuzishona," alisema kwa sauti ndogo. "Nilizibandika kwa gundi."

Shangazi alikwangua ushanga mmoja kwa ukucha. Ukaanguka, ukaacha doa kwenye hariri. Kitambaa kingine cha aina ile hakikuwapo.

Mwimbaji akamgeukia Shangazi. "Mama Mbwembwe angefanyaje hapa?"

"Mama?" Shangazi alijikuta anatabasamu. "Angeongeza. Hakuwahi kupunguza kitu maishani mwake, hata maneno."

Akakata maua makubwa ya kitambaa chekundu ya kufunika kola nzima mpaka mabegani. Kiroboto aliyashona mwenyewe, moja baada ya jingine. Shangazi aliyavuta kwa nguvu kuyapima. Mawili yakachomoka, na Kiroboto akayarudia bila kunung'unika.

Siku ya onyesho mwimbaji alizunguka jukwaani kama pia, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Kiroboto hakutazama gauni. Alitazama sakafu. Hakuna kilichoanguka.

Shangazi alimshika bega. "Mitindo ya bibi yako wengi wameiiga," alisema. "Kikubwa alichotuachia ni kwamba aliyevaa nguo yake hakuwa na wasiwasi. Ulikosea kwa kukwepa kazi, lakini uliposema kweli tukapata nafasi ya kurekebisha. Kesho ukitoka shule, kuna kola nyingine inakungoja."