Asumini za Mwahija

Habari hii alinisimulia shangazi yangu Mwahija, msimu wa kuchuma pamba, mwaka nilioanza shule. Ilikuwa habari ya harusi yake mwenyewe, hapo Shinyanga mjini, enzi treni ya Mwanza ingali ngeni machoni mwa watu.

Kila asubuhi mdogo wake, Chiku, alifagia uwanja, akateka maji na jirani yake Mbuke, kisha akaingia jikoni. Siku ya harusi mama yao hakumpa ufagio. Alimpa kikapu, sindano na uzi.

"Leo maua ya dada yako utatunga wewe," alimwambia. "Bi Jaya, mke wa Lalji mwenye duka, ameturuhusu mti wake wa asumini. Hakuna mwingine mji huu. Subiri alasiri, uchume vitumba. Vitafumbuka usiku kichwani mwa bi harusi."

Chiku hakuwa ametunga maua maishani mwake. Alipofika uani kwa Bi Jaya aliviona vile vitumba vimejikunja kama punje za mchele, akavidharau. Akachuma maua yaliyokwisha kuchanua, papo hapo asubuhi. Akayatunga, akayatumbukiza katika bakuli la maji, kama mchicha unavyohifadhiwa. Adhuhuri alipofunua bakuli, yalikuwa ya kahawia, yamelegea kama majani ya chai.

Mama akaingia, akayaona. Ulimi wa Chiku ukatangulia akili.

"Ni Mbuke, mama. Aliupukutisha mti wote, hata vitumba, akachezea."

Mama akakaa kitako jivuni. Ndugu wa bwana harusi walikuwa ndani ya treni kutoka Tabora, na kwao bi harusi bila asumini ni kama amekwenda shambani. Wangesema Mwahija hana watu. Mwahija mwenyewe alisikia yote chumbani, akajifunika kanga usoni, akalia mpaka wanja ukamchuruzika.

Shangazi wa mtaani wakadakia. Mtoto wa wakulima wa pamba atajua nini cha asumini? Maneno yakamfikia mama Mbuke, na mara fimbo ikasikika nyumba ya pili. Mbuke aliapa kwamba hakugusa hata jani. "Mayu, si mimi," alikuwa akimlilia mama yake kwa Kisukuma, "mayu, si mimi," mpaka sauti ikamkauka.

Chiku aliziba masikio. Haikusaidia. Kila fimbo aliihesabu yake. Alitamani ardhi immeze; ardhi ya Shinyanga ni ngumu, haikummeza. Mwisho akatoka mbio hadi uani kwa kina Mbuke, ambako mama yake naye alikuwa amefika, akasimama kati yake na mama Mbuke.

"Si Mbuke. Ni mimi."

Mama Mbuke akashusha fimbo. Kisha mama yake Chiku akauliza polepole, "Ulichuma yapi?"

"Yaliyochanua tu. Vitumba sikuvigusa, mama. Niliona havipendezi."

Mama akamtazama, akatazama jua. Lilikuwa limeinama alasiri.

"Basi vitumba vipo," akasema. "Vipo tangu asubuhi, na sisi tumekaa hapa tunalia."

Kabla ya kumpa kikapu alimwelekeza kwa Mbuke. Chiku akapiga magoti, akaomba radhi mbele ya watu wote.  Mbuke alifuta kamasi, akakishika kikapu upande mmoja, wakaenda. Vidole vyake, vilivyozoea pamba, vilichuma vitumba vitatu Chiku akichuma kimoja, na njia nzima hakumsemesha. Treni ilipopiga honi, koja la mwisho la asumini lilikuwa linafungwa kichwani mwa Mwahija.

Wageni walipokwisha kula, mama alimwita Chiku mkekani.

"Kosa la maua ni la mtu anayejifunza, hilo nisingekuchapa. Lakini uongo wako ulimpiga mwenzio, na ulituficha maua yaliyokuwapo. Ungesema kweli adhuhuri, pasingelia mtu. Maua tumeyapata. Urafiki wa Mbuke utautafuta kesho, na kesho kutwa, mpaka urudi."

Chiku akaitikia. Alijilaza, vidole vikimuuma kwa kuchomwa na sindano, akipanga maneno ya kumwambia Mbuke kisimani. Aliyapanga na kuyapangua, hadi nyumba nzima ikanyamaza, na yeye wa mwisho akapitiwa na usingizi.