Nilingoja Mgeni wa Heshima, Nikampoteza Mama Nafula

Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, mama wa watoto watatu. Ninaishi Witeithie, karibu na Thika, ambako nina kibanda cha kuuza mapazia ya mitumba. Watu huniita Mama Shiru. Ukipita hapo kwangu utaona mwanamke wa kawaida tu, mwenye mdomo mwingi, anayetaniana na wateja. Hutajua kwamba nilimuua rafiki yangu... Sikumuua kwa sumu wala kwa kisu. Nilimuua kwa sherehe!

Wasomaji wenzangu, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho. Mkimaliza, nihukumuni mnavyotaka. Sitabisha.

Rafiki yangu huyo aliitwa Mama Nafula. Alitoka kwao Bungoma akiwa msichana kuja kutafuta kazi Thika, na baadaye akafungua kihoteli hapa kwetu. Miaka mingi alipika chapati na maharagwe juu ya jiko la maranda, ndani ya chumba cha mabati kisicho na hata dirisha moja. Mafundi wa mjengo wote wa Witeithie walikula kwake. Wao walikula chapati, na moshi ukamla yeye polepole.

Mume wangu alipofariki, ndugu zangu wa damu walikaa nami siku tatu, wakaenda zao. Mama Nafula alikaa mwezi mzima. Alifunga hoteli saa nane kila siku akaja kunipikia, na nilipokataa kula alinigombeza mpaka nikameza. Mimi ni Mkikuyu na yeye ni Mluhya, na watu walituuliza kama tumezaliwa tumbo moja. Tulisema ndiyo!

Sisi wawili ndio tulioanzisha kikundi cha kuwatembelea wagonjwa. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Tuliwafulia wazee wasio na watu, tukawapikia uji, tukawasindikiza kliniki. Mimi nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu naweza kuongea mbele ya watu. Mama Nafula akawa katibu kwa sababu ya hati yake nzuri na subira yake, ambayo mimi sina.

Kisha kifua chake kikaanza kumsumbua. Mwanzoni alikohoa tu. Baadaye akawa hawezi kutoka nyumbani kwake hadi kwangu bila kusimama mara tatu, ameshika ukuta. Daktari mmoja wa Thika alimwambia mapafu yake yameharibiwa na moshi, na kwamba anahitaji kuwa na oksijeni nyumbani, saa kadhaa kila siku. Angeitoa wapi? Hoteli alikuwa ameshaifunga.

Hapo ndipo tuliposikia habari za mfuko fulani huko Ruiru unaosaidia vikundi vidogo kama chetu. Hawakuwa wakitoa pesa. Walikuwa wakitoa vifaa vyenyewe: kikundi hiki kompyuta, kile mizani ya kupima watoto. Mama Nafula alijaza fomu kwa mkono wake. Tuliomba mashine moja inayovuta hewa ya chumbani na kutoa oksijeni. Unaichomeka tu kwenye soketi ya stima. Pale walipouliza ni nani watakaosaidika, aliandika kwanza majina ya wazee wawili wa kifua tuliokuwa tukiwatembelea. Lake aliliweka la tatu. Nilimuuliza kwa nini, akasema wale ni wazee, wacha watangulie.

Tulikubaliwa! Nilipiga kigelegele mpaka jirani akatoka nje na mwiko.

Tuliitwa Ruiru, mimi na Mama Nafula, pamoja na viongozi wa vikundi vingine, tufundishwe siku moja. Dada mmoja wa ofisi ya mfuko huo, aitwaye Faith, alikuwa na mashine yao ya kufundishia. Akauliza nani anataka kuijaribu. Mama Nafula akainua mkono. Alivuta ile hewa kwa muda, akiwa amefumba macho, kisha akacheka. Ngai, sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa mwaka mzima! Tuliporudi aliniambia amejisikia kama mtu aliyetoka jikoni akasimama nje.

Tulipewa ya kwetu ikiwa mpya, ndani ya boksi lake lililofungwa kwa selotepu. Tukaiweka katika chumba cha kikundi. Ufunguo ukabaki kwangu mimi mwenyekiti.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Siku ile ya mafunzo, nilikaa karibu na mwenyekiti wa kikundi kimoja cha Kahawa Sukari. Wao walikuwa wamepata kompyuta mapema kidogo. Alitoa simu akanionyesha picha: mahema meupe, utepe mwekundu, mheshimiwa ameshika makasi, yeye mwenyewe kando yake amevaa kitenge kipya. Akaniuliza, "Na nyinyi mnazindua lini?"

Kabla ya hapo sikuwa hata nimewaza mambo ya kuzindua. Lakini nilimjibu kwamba mipango inaendelea! Wivu ulinishika hapo kwenye kiti. Nilijiona mimi, mwuza mapazia, nimesimama na mheshimiwa wa wadi yetu, na wale wote walionidharau nilipofiwa wakiangalia picha zangu kwenye simu zao.

Nilipowaeleza wenzangu, hakuna aliyepinga. Kwetu hapa kitu kipya huombewa kwanza. Gari, nyumba, hata kinu cha kusaga unga, mchungaji hukiwekea mkono ndipo kitumike. Tukakubaliana boksi lisifunguliwe mpaka mgeni wa heshima aje akate utepe. Barua ambayo ule mfuko wa Ruiru ulitupa pamoja na mashine ilikuwa kwenye mkoba wangu. Niliisoma pale juu walipotupongeza, na pale chini palipotakiwa sahihi. Katikati sikusoma.

Tulipanga Jumamosi ya wiki iliyofuata. Msaidizi wa mheshimiwa akapiga simu kusema ana mazishi. Tukasogeza. Jumamosi ya pili mchungaji akawa na semina. Tukasogeza tena. Nikasema ni vizuri hata hivyo, kwa sababu sare zetu zilikuwa bado kwa fundi... Ati ni vizuri!

Katikati ya kungoja huko, Mama Nafula alikuja kibandani kwangu. Alikuja peke yake, asubuhi, kwa miguu. Alipofika hakuweza kuongea. Alikaa juu ya marobota ya mapazia, mikono imeshika magoti, midomo yake imebadilika rangi, mpaka pumzi ikarudi.

"Mama Shiru," akaniambia, "nipatie tu hiyo mashine hata lisaa limoja. Nitaivutia hapo hapo kwa chumba. Nikimaliza tunairudisha kwa boksi vile ilikuwa."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa na pumzi zangu zote! Nikamwambia, "Vumilia tu kidogo, mama. Ikifunguliwa itaonekana imetumika, na picha zitatoka aje? Zimebaki siku tisa peke yake."

Alinitazama. Hakukasirika, na heri angekasirika. Akasema, "Sawa, mwenyekiti."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita mwenyekiti. Nililisikia neno lile likinichoma, lakini mteja alikuwa anauliza bei ya pazia, nikageuka kumhudumia. Nilipotazama tena, alikuwa ameshaondoka.

Kwa nini hakuwaendea wenzetu wengine? Kwa nini hakunipigia kelele? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani aliamini kwamba kama ni mimi nimekataa, basi lazima kuna sababu nzuri. Aliniamini kuliko nilivyostahili!

Alhamisi, siku mbili kabla ya uzinduzi, nilikwenda Thika mjini kwa fundi kuchukua sare. Vitenge vya manjano na buluu, kumi na moja. Nilikuwa nahesabu vifungo simu ilipolia. Alikuwa Nafula, binti wa Mama Nafula, msichana wa miaka ishirini na mitatu. Alikuwa analia.

Aliniambia mama hawezi kupumua, na wamembeba mpaka nje ya chumba cha kikundi. "Auntie, funguo iko wapi?"

Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wangu... pale Thika!

Nafula akaniuliza, "Si tuvunje tu hii kufuli? Kuna fundi hapa ako na nyundo. Auntie, sema tuvunje!"

Haya ndiyo maneno yaliyo magumu zaidi kwangu kuyasema mpaka leo. Mlango ule tulikuwa tumeupaka rangi jana yake. Utepe ulikuwa umeshafungwa. Na mimi, mama mzima, mtu wa kanisa, nilifikiria rangi! Nikasema, "Msivunje. Nakuja sasa hivi. Ni dakika ishirini tu."

Dakika ishirini... Lori lilikuwa limeanguka barabarani. Nilichukua zaidi ya saa moja na nusu.

Walingoja kwa sababu niliwaambia wangoje. Nafula alikuwa msichana aliyelelewa vizuri, hakuweza kuvunja mlango ambao mkubwa wake amemkataza. Walipoona mama analegea ndipo wakatafuta gari la kumkimbiza hospitalini. Hakufika. Alikata roho njiani, kichwa chake kwenye mapaja ya binti yake, mchana kweupe.

Mimi nilifika mbio, begi la sare begani na ufunguo mkononi. Nilikuta kiatu chake kimoja mbele ya ule mlango. Utepe ulikuwa bado umefungwa vizuri.

Siwezi kuwaeleza zaidi kuhusu siku hiyo. Nililia mpaka sauti ikakauka. Watu walinifariji! Walisema tazama jinsi Mama Shiru alivyompenda mwenzake. Kila aliyenikumbatia aliniongezea mzigo, na sikuwa na ujasiri wa kusema ukweli.

Alizikwa kwao Bungoma. Tulikwenda sote kumi tuliobaki. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema kaburini kama mwenyekiti. Kabla ibada haijaanza, Nafula alinijia, akanisalimia kwa heshima, kisha akaniomba kwa sauti ya chini nisiongee. Hakusema sababu. Nijuavyo mimi, hakumwambia mtu yeyote wa kikundi kuhusu ile simu, mpaka leo. Niliketi nyuma ya watu na karatasi yangu, nikawasikiliza wengine wakimsifu.

Mngedhani baada ya hapo niliifungua mashine? Hapana! Sikuweza hata kuusogelea mlango ule. Wenzangu waliponiuliza kuhusu wale wazee wawili, niliwaambia tungoje kwanza msiba upoe. Aibu iliendelea kuwanyima wengine kile ambacho kiburi kilimnyima Mama Nafula.

Kisha, kama mwezi mmoja hivi baadaye, Faith alikuja kutoka Ruiru kutukagua. Alikuta boksi limefungwa. Akalifungua mwenyewe, akaichomeka mashine kwenye soketi, ikaanza kunguruma taratibu. Kumbe ina kidude kidogo kinachohesabu saa zote ambazo imefanya kazi. Faith akainama akasoma. Kisha akasoma tena.

"Ni sifuri," akasema. "Kina mama, mbona ni sifuri?"

Mmoja wetu akajaribu kumweleza kwamba tulikuwa tunangoja uzinduzi. Faith hakuelewa. Akatoa nakala ya ile barua, akatusomea sehemu ya katikati. Ilisema kifaa kianze kutumiwa na mgonjwa siku kinapopokelewa, na kwamba sherehe haihitajiki. Akauliza, "Ni nani aliwaambia mngoje?"

Wanawake tisa wakatazama chini. Hakuna aliyenitaja. Walikuwa tayari kuubeba mzigo wangu pamoja nami, kwa sababu hawakujua uzito wake.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi." Halafu nikaeleza yote. Kibandani, marobota ya mapazia, ile "sawa, mwenyekiti", simu, nyundo, rangi ya mlango. Yote! Niliposema kwamba nilimkataza Nafula asivunje kufuli, mwenzetu mmoja alipiga yowe akatoka nje. Hajaongea na mimi tangu siku hiyo, na simlaumu.

Niliacha uenyekiti hapo hapo. Mashine ilipelekwa alasiri hiyo kwa mmoja wa wale wazee wawili, yule aliyekuwa wa kwanza kwenye fomu. Huyo wa pili... alikuwa ameshafariki wiki mbili kabla. Nani ajuaye kama angeishi? Mimi sitajua kamwe.

Nafula alihama Witeithie. Nimempigia simu mara nyingi. Hapokei. Nilimwandikia ujumbe mrefu wa kuomba msamaha, nikafuta, nikaandika tena. Alinijibu mara moja tu. Aliandika: "Auntie, mum alikuwa anaisikia ile simu. Nilikuwa nimeweka loudspeaker."

Basi alinisikia! Kabla ya kufa, Mama Nafula alinisikia nikisema msivunje.

Wasomaji wenzangu, kina mama wa vikundi, viongozi mnaopewa vitu kwa niaba ya wanyonge, nawasihi nikiwa nimepiga magoti. Mkipewa mashine, fungueni boksi siku hiyo hiyo. Someni barua yote, hata katikati. Mchungaji anaweza kuombea kitu kikiwa kinafanya kazi, Mungu hatakasirika. Na mheshimiwa akikosa nafasi, mwacheni abaki na shughuli zake. Mgonjwa hana Jumamosi nyingine.

Na kama kuna mtu leo amekuja kukuomba kitu ambacho ni chake, ukamwambia avumilie kidogo... weka gazeti hili chini. Nenda ukampe!