Ugonjwa Ulioitwa Sumu

Dobi alikuwa akipiga pasi mashati ya watu. Mteja mmoja akaingia na habari.

"Binti wa wifi yako yuko hoi. Anaharisha damu. Amebaki mifupa mitupu."

Dobi aliitua pasi. Marehemu mumewe alianza vivyo hivyo: tumbo, damu, homa zisizokwisha. Wakwe wakasema mke amemtilia sumu. Badala ya kumpeleka hospitali wakamnywesha dawa za kutapisha, mpaka akafa. Udongo wa kaburi haujakauka, mama mkwe akamtupia mjane nguo zake nje.

"Ukienda, utabebeshwa na hili," mteja alimwonya.

"Nisipoenda, mtoto atakufa kama mume wangu."

Alipofika kwa wakwe, mama mkwe alimkuta mlangoni. "Umekuja kumalizia?"

"Nitukane njiani, mama. Kwanza tumpeleke mtoto hospitali."

Wifi aliingia ndani. Alimbeba bintiye mgongoni, wakatoka, mama mkwe akiwafuata.

Daktari alimpima mtoto damu na choo. Akamchunguza utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Kisha akauliza, "Kuna ndugu mwingine aliyeugua hivi?"

"Mjomba wake," dobi alijibu. "Mume wangu."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. "Na kaka yangu mimi," alisema polepole. "Kabla huyu mke hajazaliwa."

Wifi akamgeukia mama yake, mdomo wazi.

"Sikilizeni," daktari alisema. "Kwenye ukuta wa utumbo mwili umeweka askari wa kupigana na vijidudu. Askari hao hufuata maagizo tuliyorithi kwa wazazi. Maagizo hayo huitwa vinasaba. Baadhi ya watu hurithi yenye kasoro. Askari wakakosea, wakashambulia utumbo wenyewe. Ukavimba, ukatoka vidonda na damu."

"Basi nimempa mimi?" wifi aliuliza.

"Si kosa lako. Hakuna anayechagua vinasaba. Na si kila anayevirithi huugua, yapo na mambo mengine yanayochangia. Lakini hii si sumu, wala haiambukizi."

"Atapona?"

"Ugonjwa hauishi, ila dawa huutuliza. Asiziache hata akijiona mzima. Na ndugu yeyote akiharisha damu au kukonda bila sababu, aje mapema."

"Na kama mume wangu angekuja mapema?" dobi aliuliza.

Daktari alimjibu, "Huenda angekuwa hai."

Mtoto alianza dawa. Taratibu damu ikakoma, mashavu yakarudi. Ndipo mama mkwe akawaita ndugu na majirani wote.

"Mwanangu hakulishwa sumu," aliwaambia. "Mimi ndiye niliyemnyima hospitali. Huyu mke nilimsingizia."

Kijana mmoja wa ukoo akanyoosha mkono. Naye alikuwa akiona damu chooni, akificha kwa aibu. Wifi aliahidi kumpeleka kesho yake.

Dobi alisikiliza akiwa amesimama nje ya mlango.

"Ingia ndani, mwanangu," mama mkwe alimwomba.

"Nimekusikia, mama. Lakini kuingia, leo siwezi."

Akaondoka. Mtoto alimsindikiza hadi barabarani, akitembea kwa miguu yake mwenyewe.